Tone Linalosubiri

Jumanne, 1 Aprili. Kwai.

Nimefika saa nane mchana. Mvua ilianzia Magamba na haikuacha hadi hapa. Studio ni ghala la zamani la maziwa, la enzi za Wajerumani, kuta za mawe na dari ya zege iliyoongezwa baadaye. Bendi inaitwa Msasa. Wanapiga bluzi ya roki: gitaa la umeme linalokwaruza, besi nzito, maneno machache yanayorudiwa mpaka yaume. Hii ni albamu yao ya kwanza baada ya miaka sita ya kimya.

Nimeajiriwa kuandika kijitabu kitakachokaa ndani ya jalada. Kurasa za mwanzo ni hadithi ya albamu. Ukurasa wa mwisho ni orodha ya nani alipiga nini. Mchapaji anaitaka tarehe 30 Mei.

Nimemwambia Benjamini, mwimbaji na kiongozi wa bendi, sharti langu. Siandiki jina mpaka nimemwona mtu akipiga, au nimethibitishiwa na watu wawili wasiokaa meza moja. Mwaka 2009 niliweka jina la mtu asiyehusika chini ya picha ya ajali. Gazeti lilisahihisha kwa mistari miwili. Yule mtu alihama mtaa.

"Dada Secilia," akasema, "hii ni bendi, si mahakama."

"Basi haitakuwa shida."

Alicheka. Muda wote mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni.

Orodha hadi leo: tupu.

Alhamisi, 3 Aprili

Benjamini alinishauri niende Lushoto kwa kuwa leo ni siku ya soko. "Mwandishi asiyejua soko hajui mji." Nilikwenda. Nimenunua karoti na soksi. Niliporudi saa tisa, gitaa la nyimbo mbili lilikuwa limekwisha kurekodiwa.

"Umelikosa," akasema. "Asubuhi mkono ulikuwa mwepesi."

Jumamosi, 5 Aprili

Leo ngoma na besi. Mpiga ngoma ni Jenoveva, binti wa Muheza, miaka ishirini na saba, mabega ya mpasua kuni. Mpiga besi ni Ismaili, mtu wa makamo, mwembamba. Wanavaa vipokea sauti masikioni, wanasikiliza gitaa lililokwisha rekodiwa, kisha wanapiga juu yake.

"Jeni," Ismaili akamwambia, "unapiga kama unafukuza ngedere kwenye mahindi."

"Na wewe kaka unapiga kama unaomba udhuru msibani."

Katikati ya wimbo wa pili simu ya Ismaili iliita mezani. Wimbo ukaharibika. Nilitegemea Benjamini agombe. Aliashiria tu waanze upya. Nimeangalia: simu zote ziko mezani, zote zimewashwa, na sauti imepandishwa. Nimewahi kuingia studio nyingi. Sijaona nyingine iliyo hivi.

Jambo jingine. Jenoveva alivua vipokea sauti, akamuuliza Alen, fundi wa mitambo: "Hili tone ni la nini? Tk, tk, tk, nyuma ya gitaa."

"Paa linavuja. Nitalifuta."

"Usilifute. Linanishikia mwendo."

Usiku wa kuamkia leo ilinyesha kwa saa sita. Nimekagua dari yote. Hakuna hata doa.

Ngoma: Jenoveva, nimeona. Besi: Ismaili, nimeona. Gitaa: sijaona.

Jumanne, 8 Aprili

Umeme hakuna. Ukungu umeingia hadi ndani.

Alhamisi, 10 Aprili

Benjamini amenituma Lushoto kununua nyuzi za gitaa. Nimezunguka maduka yote. Haziuzwi, na muuza redio amesema hazijawahi kuuzwa. Benjamini amezaliwa Lushoto. Alijua.

Nimerudi. Gitaa la wimbo mwingine liko tayari.

Ijumaa, 11 Aprili

Wote tumemenya viazi. Nilikaa karibu na Benjamini kwa makusudi. Mpiga gitaa wa miaka mingi huwa na sugu kwenye ncha za vidole vya kushoto. Wapiga gitaa wote niliowahi kuandika habari zao kule Tanga walikuwa nazo, ngumu kama kwato. Vidole vya Benjamini ni laini kama vya karani. Na mkono ule unatetemeka. Kiazi kilimponyoka mara tatu. Mara ya tatu Jenoveva alikiokota na kukimenya yeye, kama jambo lililozoeleka.

Gitaa lake amelivaa shingoni tangu nifike. Amelivaa kama tai.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemwomba Alen anisikilizishe gitaa peke yake, bila besi wala ngoma. Ni gitaa zuri. Sauti zinateleza kutoka moja hadi nyingine, kama mtu anayeongea huku amebana kilio. Nyuma yake kuna lile tone. Nyuma ya tone kuna mlio mwingine, mkoromo mrefu unaojibiwa na mkoromo wa mbali zaidi.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

"Tumbo la Ismaili," akasema Alen, akazima.

Ni mbega. Wanaita alfajiri, na wanaita msituni. Kwai ni mashamba na ng'ombe. Msitu uko Magamba.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilisema naumwa, siendi sokoni. Benjamini akasema pole, akamwambia Alen ashushe mitambo kutoka garini. Leo gitaa halikurekodiwa.

Gitaa: sijaona.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Benjamini aliimba kanisani. Anaimba vizuri. Hilo nimeliona.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeondoka saa kumi na mbili kasoro, nimeaga naenda sokoni. Magamba nikamwambia mwenye pikipiki anishushe. Gari la bendi lilikuwa limeegeshwa ukingoni mwa msitu, chini ya nyumba ya bati. Nikasimama nyuma ya rundo la mbao, mvua ikininyeshea.

Naandika nilichoona, kwa mpangilio. Alen alitoka ndani ya ile nyumba, akafunga mlango nyuma yake, akasimama nje chini ya nailoni. Benjamini alikuwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Ndani ya nyumba gitaa likaanza. Lile lile linaloteleza. Alen hakuingia mpaka liliponyamaza, dakika ishirini na mbili baadaye. Akaingia, akatoka na mashine. Wakaondoka.

Kwa hiyo mtu anayepiga gitaa la Benjamini si Benjamini.

Mama mmoja anauza chai na vitumbua kando ya barabara. Nilikunywa vikombe viwili.

"Nyumba ile? Ya Mama Salama, mjane. Anakaa na mwanawe Mbaraka."

"Anafanya kazi gani huyo Mbaraka?"

"Alikuwa kiwanda cha mbao. Msumeno ukala vidole viwili. Siku hizi anachunga viazi visiote magugu." Akacheka peke yake. "Zamani alikuwa na bendi. Bendi haikumzalia hata kuku."

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeandika makala ya maneno mia tisa kwa ajili ya gazeti langu la zamani. Kichwa: "Gitaa la Kuazima". Hoja yake: mtu maarufu amekwenda kwa mlemavu asiye na sauti, amechukua kazi ya mkono wake, anataka kuiuza kwa jina lake mwenyewe.

Sijaituma. Ninaye shahidi mmoja, ambaye ni mimi.

Nimemvizia Ismaili akiwa bombani peke yake. "Mbaraka ni nani?"

Akaacha ndoo ijae na kufurika. "Muulize Benja."

"Nakuuliza wewe."

"Dada, mimi napiga besi. Besi haina maneno."

Alhamisi, 1 Mei

Kabla ya kutuma makala nilitaka kauli ya mama yake Mbaraka. Niliambiwa huuza maharage soko la Lushoto kila Alhamisi na Jumapili. Nimepata kigoda chake, juu yake amekaa mwanamke mwingine.

"Mama Salama? Jumapili utamkuta. Alhamisi haji tangu mvua zianze. Ananiachia nafasi."

"Anaumwa?"

"Nani kakwambia? Yule hata mafua yanamwogopa."

Wakati wa kurudi nilisimama tena kwa muuza chai wa Magamba. Anasema kila Alhamisi, kabla hakujapambazuka, Mama Salama hupita na kapu la maharage kichwani. Ana uhakika. Wanasalimiana.

Anatoka nyumbani na kapu, wala hafiki sokoni. Mtu wa pili katika habari hii anayedanganya kuhusu Alhamisi.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemweka Benjamini kitako baada ya chai ya asubuhi, wengine wakiwa kwenye mazoezi. Nimemsomea makala yote, kichwa hadi nukta ya mwisho. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akauweka mezani kati yetu. Ulikuwa unacheza wenyewe.

"Mwaka wa nne huu. Mishipa. Daktari amesema haitarudi."

"Sikuulizi mkono. Nakuuliza jina."

Alinieleza. Naandika kama alivyosema, bila kuremba.

Mbaraka ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa Msasa tangu mwanzo. Benjamini alipiga la kusindikiza tu. Miaka sita iliyopita walikuwa Muheza wakipiga kwenye arusi. Siku hiyo, asubuhi, baba yake Mbaraka alifariki hapa Magamba. Alizikwa alasiri, kama desturi ya Waislamu ilivyo. Nyumbani walipiga simu mara kumi na tisa. Mbaraka alifika magharibi, akakuta udongo umelowa na watu wanatawanyika.

Mama yake alimletea msahafu. Mbaraka akaapa juu yake kwamba hatapigia watu muziki tena. Akaenda kufanya kazi kwenye mbao. Mwaka uliofuata ukaja msumeno.

"Sasa anapigaje?" nikauliza.

"Ameapa kutopigia watu. Alen anaweka mashine, anatoka, anafunga mlango. Mle ndani hakuna mtu. Alhamisi mama yake yuko sokoni, hasikii. Nikiandika Mbaraka kwenye jalada, mama atajua amevunja kiapo. Kwa hiyo naandika mimi."

"Na wewe unapata sifa."

"Napata. Sikatai."

Nilimwambia hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza niliyoiamini tangu Aprili. Akatazama simu zilizokuwa mezani.

"Unajua kwa nini hakupokea? Nilikuwa na mfuko. Kila onyesho, kabla hatujapanda jukwaani, nakusanya simu za wote, nazima, natia mfukoni, nafunga kamba. Kanuni yangu. Nilijivunia sana ule mfuko."

"Mama yake anajua?"

"Sijawahi kwenda kumwambia."

Jumapili, 4 Mei

Maelezo yake yamekaa vizuri mno. Mtu mwenye miezi ya kujiandaa huwa na maelezo ya namna hii. Nataka chanzo cha pili. Makala bado ninayo.

Alhamisi, 8 Mei

Barabara ya Magamba imefunikwa na udongo. Hakuna aliyetoka.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Jenoveva anasikiliza vipande vya gitaa tena na tena, amekunja uso. Mwisho akaniita. "Shikamoo, mama. Wewe unapenda ushahidi. Sikiliza hapa. Gitaa linasita kabla ya kiitikio, si ndiyo? Na tone linasita. Gitaa likianza, nalo linaanza. Mama yangu, tone gani linajua kusubiri?"

Nimeliandika swali lake kama lilivyo.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda nao, waziwazi. Mbaraka ametupokea mlangoni. Ana umri wa miaka arobaini na tano hivi, sauti ya chini. Mkono wa kushoto hauna kidole cha shahada wala cha kati. Kwenye kidole kidogo huvaa kipande cha bomba la maji, na hicho ndicho kinachoteleza juu ya nyuzi. Huo ndio mtelezo niliousikia. Hakuusoma popote. Ni msumeno uliomfundisha.

"Mashine si mtu?" nikamuuliza.

"Si mtu."

"Ulimuuliza shehe?"

"Hapana. Ningemuuliza, angenijibu."

Nikamwambia msimamo wangu. Jina la Benjamini sitaliandika mbele ya neno gitaa, maana ni uongo. Jina lake yeye sitaliandika bila idhini yake. "Nitaandika gitaa, halafu nafasi wazi. Karatasi nyeupe."

"Watu watauliza."

"Watauliza."

"Na mama ataletewa maswali hayo sokoni, pale pale kwenye maharage yake." Akazungusha lile bomba kidoleni. "Umenibana, dada."

"Nimekueleza nitakachofanya. Kubanwa ni juu yako."

Kisha akatuomba tutoke. Nikasimama na Alen kwenye mvua, upande wa barabarani. Mbaraka alipoanza kupiga, nikazunguka nyumba kukagua hilo tone. Bati ni jipya. Hakuna ndoo. Nyuma kuna kibanda cha jiko, kimejitenga hatua sita, mlango umerudishwa, hakitoi moshi. Chini ya upenu wake Alen ametundika kipaza sauti cha pili. Anasema anakitega hapo kila wiki ili kinase mwangwi wa nyumba.

Gitaa: sijaona kwa macho. Nimemsikia na nimeuona mkono.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwomba Alen anipe kile kipaza sauti cha pili peke yake, vipande vyote tangu Aprili. Hajawahi kukisikiliza peke yake. Humwaga kidogo tu chini ya gitaa, kama chumvi.

Tulisikiliza kwa saa tatu. Kuna mvua. Kuna mbega. Gitaa linasikika kwa mbali, kupitia ukuta. Karibu kabisa, kuna kitu cha mti kinagonga kitu cha bati kwa mwendo usiokosea. Tarehe 10 Aprili, mtu anakohoa na kubana kikohozi. Tarehe 24 Aprili, mwisho wa wimbo, sauti ya mwanamke mzee, chini kwa chini:

"Polepole, Mbaraka. Hapo unakimbia."

Alen alivua vipokea sauti, akaviweka mezani kwa uangalifu kama vyombo vya udongo. "Nilikuwa naenda kulifuta," akasema.

Jumapili, 18 Mei

Soko la Lushoto, saa nne asubuhi. Mama Salama alikuwa kwenye kigoda chake. Mfupi, kanga mbili, macho makavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi. Viatu vyako nimeviona kwenye tope langu, mpaka mlangoni kwa jiko. Hukubisha hodi."

"Sikujua kama kuna mtu."

"Ulijua hakuna moshi. Mtu anayekagua moshi ana lake jambo. Maharage kilo ngapi?"

"Mbili. Alhamisi unapita barabarani na kapu, halafu huonekani hapa."

"Nashukia kwa muuza chai, napandia shambani, narudi jikoni kwangu. Miguu ni yangu." Akachota maharage. "Mwanangu aliapa hatapigia watu. Mimi si watu. Mimi ni mama yake."

"Basi mwambie kwamba unajua."

"Hajaniomba radhi. Nikimpa kabla hajaomba, atasema mama amezeeka, amesahau. Sijasahau. Kiapo nilimpa mimi. Msumeno sikumpa, lakini kiapo ndicho kilichompeleka kwenye msumeno. Hilo nalo sijasahau." Akafunga mfuko kwa fundo. "Usimwambie. Akijua nasikia, ataacha. Akiacha, nitakuwa nimemkata vidole vilivyobaki."

"Na yule mwingine, Benjamini?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Huyo naye ana mlango wake wa kubisha. Anaujua ulipo."

Nimeahidi kutomwambia Mbaraka. Makala ya tarehe 25 ina maneno mia tisa na mambo matatu ya kweli. Nimeyahesabu.

Jumatano, 21 Mei

Mvua imepungua. Benjamini ameuliza mara mbili kama orodha iko tayari. Nimemwonyesha. Mbele ya gitaa kuna nafasi wazi. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nafasi wazi inavyostahili.

Alhamisi, 22 Mei

Nilikuwa nje na Alen, kila mmoja ameweka kipokea sauti kimoja sikioni. Yeye hakuwahi kufanya hivyo kabla ya wiki hii. Benjamini alikuwa garini, kioo kimeshushwa nusu. Mashine ilikuwa inanasa sauti. Haya yafuatayo nimeyanakili kutoka kwenye mashine, si kutoka kichwani.

Dakika ya nne, gitaa linanyamaza katikati ya ubeti. Mlio wa bati nao unanyamaza.

"Mama."

Sekunde kumi na moja.

"Mama, najua upo jikoni."

"Niko sokoni."

"Maharage yanakwendaje?"

"Leo hayana mteja."

"Tangu lini upo?"

"Tangu wimbo wa kwanza. Ulikuwa unakimbia."

"Mwiko wa nyumba hii naujua mlio wake, mama. Nimekulia nao. Nilidhani nikinyamaza utaendelea kuja."

"Na mimi nilidhani hivyo hivyo."

Sekunde arobaini. Mbega wawili.

"Naomba radhi, mama. Kwa ajili ya baba."

"Tulikupigia mara kumi na tisa. Simu ilikuwa wapi?"

"Kwenye mfuko."

"Mfuko wa nani?"

"Wangu. Niliiweka mwenyewe."

Hapo Alen alinitazama. Sikufanya kitu. Yeye alitembea hadi garini, akavua kipokea sauti, akakipitisha kwenye kioo. Sijui Benjamini alisikia maneno mangapi. Alitoka bila koti, akapita mbele yangu, akazunguka nyumba akiteleza kwenye tope, na kipaza sauti cha pili kikamchukua.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Benjamini. Shikamoo."

"Marahaba."

"Mfuko ulikuwa wangu. Simu nilizima mimi."

"Najua. Nilimuuliza dereva aliyewapeleka Muheza, wiki ile ile. Miaka sita nakusubiri uje useme. Sogea, unanyeshewa."

Mlango wa nyumba ulifunguka. Hatua sita. Baada ya hapo mashine imenasa vitu ambavyo si vya kijitabu. Nilimwambia Alen azime. Alizima.

Baadaye Mama Salama alitoka uani akijifuta mikono kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo. "Radhi nimetoa," akasema. "Kiapo si changu, ni cha Mwenyezi Mungu, na kafara ya kukivunja Mbaraka anaijua: maskini kumi washibe. Alhamisi ijayo. Nyinyi bendi ni wangapi?"

"Wanne na fundi, mama," akasema Benjamini. Macho yalikuwa mekundu.

"Basi watano nimeshapata."

Ismaili baadaye alisema huo ndio uchambuzi sahihi kuliko wote uliowahi kufanywa juu ya bendi hii.

Jumatatu, 26 Mei

Imamu wa Magamba amekataa kuwahesabu wanamuziki. Amesema umaskini wao ni wa kujitakia. Mama Salama amewatafuta watu kumi wa kweli: wajane wanne, wapakiaji wa mbao watano, na mzee mmoja asiyeona.

Alhamisi, 29 Mei. Magamba.

Wali, maharage, kabichi, nyama ya mbuzi aliyetolewa na Benjamini. Mbaraka aliwapakulia wote kumi kwa mkono wake mwenyewe. Walikula mpaka wakaegemea ukuta. Nimewahesabu.

Baada ya swala ya adhuhuri bendi nzima iliingia ndani ya nyumba ya bati pamoja na ngoma. Ulikuwa umebaki wimbo mmoja. Kwa mara ya kwanza mlango haukufungwa. Benjamini alikusanya simu, nikashtuka. Alizipanga dirishani, zimewashwa, vioo vinatazama juu.

Walimwita Mama Salama aingie. Alikataa. "Kazi yangu naifanyia jikoni."

Mbaraka alipiga. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Bomba lilipanda kwenye nyuzi, likasita kabla ya kiitikio, na tone likasita. Nikatoka wimbo ukiendelea, nikavuka zile hatua sita, nikasimama mlangoni kwa jiko. Safari hii nilibisha.

Hakugeuka. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, sufuria imefudikizwa mbele yake, mwiko mkononi, ukutani mvua ya mwisho ikichuruzika, anasubiri.

Ijumaa, 30 Mei

Makala "Gitaa la Kuazima" nimeifuta. Jambo la mfuko nimelisikia kwa watu wawili wasiokaa meza moja, wakatoa majibu mawili. Haliingii kijitabuni. Mbaraka na mama yake wamekubali majina yao yaandikwe. Orodha imeondoka na gari la asubuhi:

Sauti: Benjamini.
Besi: Ismaili.
Ngoma: Jenoveva.
Fundi wa mitambo: Alen.
Gitaa: Mbaraka.
Mwiko: Salama.

Wote nimewaona.